Usimpandishe Cheo Marehemu: Nilivyowatafuta Wanajeshi wa Ukoo Wetu

Tulipomzika baba kule Mvumi, Ugogo, mkoani Dodoma, mimi ndiye niliyeandika wasifu wa marehemu. Kuzaliwa, kubatizwa, shule, ndoa, watoto, maradhi, vyote niliviandika usiku mmoja nikiwa jikoni, wenzangu wakichambua mchele wa msiba. Nilipofika mwaka 1978 niliandika sentensi moja tu: "Alishiriki vita vya Kagera." Kesho yake, watu walipoanza kutawanyika makaburini, mzee mmoja mwenye nishani kwenye koti alinifuata akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, baba yako alikuwa brigedi gani?" Sikujua. Nikamwita mdogo wangu, naye hajui. Tukamwendea baba mkubwa, akasema, "Alikuwa vitani, huko Uganda." Mzee yule aliitikia kwa kichwa, akashika bakora yake akaenda zake.

Swali hilo halikuniacha nilale vizuri. Nilimlea baba miaka yake ya mwisho, nikamwogesha, nikamlisha uji wa uwele kwa kijiko, na sikujua alipigana wapi. Ndipo nikaanza kutafuta, na nilipoanza na baba, nyuma yake akajitokeza babu, na nyuma ya babu, baba yake babu. Mbele yetu yupo mdogo wangu, ambaye naye amevaa kombati. Vizazi vinne, na kila kizazi kimetumika mahali pake. Naandika niliyojifunza kwa ajili ya yeyote mwenye mzee nyumbani, hasa mwenye mzee aliye hai.

Kwanza kabisa, usimuulize mzee, "Ulipigana wapi?" Nilimuuliza baba hivyo mara nyingi na jibu lilikuwa lilelile: "Tulipigana, tukashinda, tukarudi." Muulize alikula nini, alilala wapi, aliona nini ambacho hakipo kwetu. Baba hakuwahi kunisimulia mzinga hata mmoja, ila ng'ombe alinisimulia tangu nikiwa mdogo. Alikuwa akisema kule kuna ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mkono wa mtu, wanachungwa kwenye vilima vya kijani, na kwamba alitamani kurudi na ndama mmoja tu awaonyeshe watu wa Mvumi. Mgogo hasahau ng'ombe. Sisi tulichukulia ni hadithi za wachungaji. Ni baada ya kifo chake nilipokaa nikajiuliza: ng'ombe hao ni wa wapi? Ni wa Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, na mji mkubwa wa Ankole ni Mbarara.

Hapo mambo yakaanza kufunguka. Katika vita vile majeshi yetu hayakupita njia moja. Baada ya Idi Amin kuvamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kutimuliwa, brigedi zilivuka mpaka kwa mapana. Mbarara ilitekwa Februari 1979 na Brigedi ya 206, iliyokuwa chini ya Silas Mayunga, yule aliyeitwa Mti Mkavu. Brigedi ya 208 ndiyo iliyoingia Entebbe mwezi Aprili, siku chache kabla ya Kampala kuanguka tarehe 11. Kwa hiyo mzee wako akikusimulia ziwa na uwanja wa ndege, umepata pa kuanzia, na akikusimulia ng'ombe wa pembe ndefu, umepata pengine. Si ushahidi kamili, lakini unakuonyesha nani wa kwenda kumuuliza. Mimi niliulizia wastaafu wa 206 mpaka nikampata mmoja kule Bahi. Nilimpa picha ya baba ya ujanani bila kumwambia jina. Aliitazama muda mrefu, kisha akamtaja kwa jina la utani ambalo nyumbani hatukuwahi kulisikia. Nililia mbele yake kama mtoto, na naye hakunizuia.

Karatasi zilikuja baadaye. Kwa mwanajeshi wa JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, faili la mafao na faili la mirathi ndiyo hazina, kwa sababu humo mna tarehe ya kuandikishwa, namba ya jeshi na kikosi. Kwenye ofisi moja niliyokwenda niliambiwa faili halionekani, nikarudi mara nne. Ushauri wangu hapo ni mfupi: toa nakala ya kila karatasi kabla hujaikabidhi popote, na andika tarehe uliyoikabidhi.

Nakuomba pia usiishie kwa wanaume. Kwetu habari za vita husimuliwa na wazee wa kiume wakiwa wamekaa, lakini vitu vya vita hutunzwa na wanawake. Shangazi yangu ana bati la biskuti ambalo bibi alimwachia, na bibi alimwachia kwa sharti kwamba asiwape wanaume wakauza. Ndani mlikuwa na nyota mbili za shaba, nishani mbili za duara, kipande cha utepe na kitambaa cheusi kwa uchakavu kilichodariziwa kifaru, yule mnyama.

Babu alikuwa askari wa Keya. Ndivyo wazee wetu walivyoliita jeshi la King's African Rifles, na wengi wao Burma waliiita Bama, na Ceylon wakaiita Siloni. Ukisikia maneno hayo yaandike kama yalivyotamkwa, usiyanyooshe, maana ukiyanyoosha mapema unaweza kumpeleka mtu nchi ambayo hakufika. Nyota za Uingereza za vita vya pili vya dunia zilitolewa bila jina la mtu, kwa hiyo nyota peke yake haikuambii ni ya nani. Nishani za vita vya kwanza ndizo zilizochongwa namba na jina ukingoni, uzigeuze kwenye mwanga. Lakini ile nyota yenye utepe mwekundu katikati, buluu kandokando na mistari ya rangi ya chungwa, ni Nyota ya Burma. Na kile kifaru, ambacho tukiwa watoto tulidhani babu alikuwa askari wa wanyamapori, ndiyo alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilishuka Bonde la Kabaw, kule Burma, mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, kwenye matope na malaria, ikateka Kalewa Desemba na kuvuka mto Chindwin. Humo zilikuwamo batalioni za Tanganyika, kama ya 26 na ya 36.

Kumbukumbu za kila siku za batalioni hizo zipo kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London, katika fungu la WO 172. Nilimwomba mtoto wa jirani anayesoma huko anipigie picha kurasa chache. Uwe tayari kwa utakachokikuta. Maofisa wa Kizungu wametajwa kwa majina, na askari wetu mara nyingi ni hesabu: watatu wamejeruhiwa, mmoja amekufa. Jina la babu silioni. Lakini mvua niliiona. Kurasa kwa kurasa, mvua. Nikakumbuka alichokuwa akitusimulia bibi, kwamba mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, wakati kijiji kizima kinashangilia na watoto wanakimbia uchi nje, babu alikuwa akikaa chini ya ukuta wa tembe, amejifunika blanketi hadi kichwani, hasemi na mtu. Ugogo mvua ni uhai. Bibi aliishi na mume anayeiogopa na hakujua kwa nini. Nilitamani awe hai nimsomee zile kurasa.

Angalizo dogo hapa. Ndugu yake babu alikuwa akisema alikuwa "Kolito". Kolito ni mahali Ethiopia palipopiganwa Mei 1941, na Keya wa Tanganyika walikuwapo. Lakini kambi ya Dar es Salaam nayo ikapewa jina hilo, ndiyo ile iliyoasi Januari 1964, na ndiyo leo Lugalo. Usipojua mwaka utachanganya vita na kambi. Na mwaka kwa wazee wetu hauulizwi kwa tarakimu, unaulizwa kwa njaa. Babu hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Alikuwa na neno moja: alikuwa ananyonya ilipoingia Mtunya. Mtunya ni njaa iliyoimaliza Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920. Majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe, yamechukua nafaka, yamechukua vijana, kisha mvua nayo ikakataa. Kwa hiyo babu ni wa 1916 hivi. Mwulize bibi yako njaa, nzige, reli, mtemi aliyekuwa akitawala, kisha linganisha na rejista za ubatizo kama ukoo ni wa kanisa. Kwetu ni Mvumi, palipokuwa na misheni ya Kianglikana.

Mtunya ndiyo iliyonifikisha kwa baba yake babu, na hapo ndipo palipouma.

Katika ukoo wetu aliitwa "askari wa Mjerumani". Kila harusi, kila kikao, wazee walianzia kwake. Nilitafuta. Kumbukumbu nyingi za jeshi la Ujerumani ziliteketea Potsdam mabomu yalipoangushwa mwaka 1945, kwa hiyo sikutarajia jina. Nilitafuta maneno. Askari wa Mjerumani waliacha maneno kwenye familia zao: vyeo kama ombasha (koplo) na shaushi (sajenti), amri za kwata. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi ilipotaka kuwalipa wazee waliobaki, asiyekuwa na karatasi alipewa fagio ashike kama bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani, na waliokuwa askari kweli walijulikana papo hapo. Nami nikawa nauliza: mzee wetu alikuwa cheo gani? Kuna amri yoyote aliyowafundisha watoto? Hakuna. Mwishowe bibi mmoja wa Handali, mdogo wa ukoo kwa mama, aliniambia bila kusita, "Hakuwa na bunduki. Alikuja kuchukuliwa abebe. Walimfunga kamba na wenzake." Alisikia hivyo kwa mama yake. Mwaka hakuujua, ila ni kabla Mtunya haijaanza, siku Waingereza walipokuwa wanatelemka. Kondoa waliitwaa Aprili 1916, na Dodoma mwishoni mwa Julai. Alibebea upande gani, Mjerumani au Mwingereza, hakuna anayejua, kwa sababu pande zote mbili zilikamata watu. Hakurudi.

Nilipoleta habari hiyo kwenye kikao, baba mkubwa alisimama akasema, "Unamshusha mzee." Hakuongea nami miezi kadhaa. Nimelifikiria sana neno lake na bado nasimama nilipo. Ukimpa marehemu cheo ambacho hakuwa nacho, umemficha yeye mwenyewe, na badala yake umeweka mtu mwingine ambaye hakuwahi kuishi. Pagazi hakuchagua vita. Alibeba risasi na unga wa wengine huku yeye akifa kwa kuhara na njaa, na majina ya wenzake kwa maelfu hayakuandikwa mahali popote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo ina orodha unayoweza kuitafuta bure kwenye intaneti. Tafuta, lakini usipomkuta mtu wako usiseme hakuwapo. Kwenye mnara wa Askari pale Dar es Salaam, uliosimamishwa 1927, wapagazi wametajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Sanamu yenyewe ni ya mtu mwenye bunduki.

Kwa mdogo wangu nitasema machache, maana bado yupo kazini. Alikuwa Kongo na walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Ya kikosi hayaulizwi wala hayarushwi kwenye makundi ya WhatsApp, na nawasihi dada na wake wa askari mliheshimu hilo. Lakini nimemnunulia daftari kubwa la kaunta, naye anaandika yanayoruhusiwa: tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, majirani walikuwa kina nani, chakula, hali ya hewa, rafiki aliyemzika. Picha zake za safari ya kwanza zilipotea na simu iliyokufa. Za safari ya pili tumezisafisha kwenye karatasi na nyuma ya kila moja ameandika mahali na mwaka kwa mkono wake.

Julai 25 moja nilimpeleka shangazi kwenye maadhimisho ya Siku ya Mashujaa hapa Dodoma. Alitazama kimya mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, kisha sime, shada la maua, upinde na mishale, shoka la wazee. Njiani kurudi Mvumi akauliza, "Na aliyebeba, anawekewa nini?" Sikuwa na jibu. Tulipofika alikata kipande cha kanga yake ya zamani, akakisokota polepole akiwa amekaa mkekani, mpaka kikawa ngata, ile ya kuwekea mzigo kichwani. Akafungua bati la biskuti, akasogeza nyota za babu pembeni, akaiweka katikati.