Tenda za bima ya afya zipimwe kwa kazi, sio kwa makaratasi

Swali la wiki hii mmeuliza, kama ungeweza kubadili jambo moja tu kwenye namna serikali ya unakoishi inavyotumia hela za umma, ungebadili nini. Mimi naishi Fort Worth, Texas, nafanya ukalimani wa Kiswahili kwenye mahospitali na kliniki, na jibu langu ninalo siku nyingi: ningebadili jinsi serikali za majimbo huku Marekani zinavyogawa tenda za Medicaid.

Kwa mlioko nyumbani, Medicaid ni bima ya watu wa kipato cha chini, ilianza 1965, serikali kuu inachangia na jimbo linachangia. Ila majimbo mengi hayaiendeshi yenyewe. Chukulia NHIF ikae pembeni, iite makampuni binafsi, iwaambie tutawapa kiasi fulani kila mwezi kwa kila mwanachama, nyie mtafute madaktari, nyie mtoe vibali vya matibabu, nyie mlipe hospitali, kikibaki chenu. Ndio mfumo wenyewe. Karibu robo tatu ya watu wa Medicaid wako chini ya makampuni ya aina hiyo, na matano tu kati yao, yaani Centene, UnitedHealth, Elevance, Molina na CVS yenye Aetna, yameshika karibu nusu ya wanachama wote hao. Hapa Texas mpango wenyewe unaitwa STAR na wengi waliomo ni watoto na wajawazito, maana jimbo lilikataa kuipanua Medicaid kwa watu wazima, unaweza ukawa huna kitu kabisa na bado hupati. Familia za Kikongo ninazozikalimania, mara nyingi mwenye kadi ya bima nyumba nzima ni mtoto.

Sasa Machi 2024 jimbo likatangaza makampuni linayokusudia kuyapa tenda mpya ya STAR na ile ya CHIP, bima ya watoto ambao kipato cha familia kimezidi kidogo kiwango cha Medicaid, tenda ya zaidi ya dola bilioni 100 ukijumlisha miaka yote, na kwenye sehemu zao Cook Children's ya hapa Fort Worth haimo, Texas Children's ya Houston haimo, Driscoll ya Corpus Christi haimo. Hizo zote ni bima zilizo chini ya hospitali za watoto. Watu kama milioni 1.8 wangelazimika kuhama bima. Kesi zikafunguliwa na Oktoba mwaka huohuo jaji wa Travis County, uliko mji mkuu wa jimbo, akaizuia tenda hiyo kwa muda. Mimi sisemi bima ya hospitali ni malaika, nayo ina maslahi yake, hospitali ikiwa ndiyo mtoa huduma na ndiyo mlipaji lazima uiangalie kwa makini. Kinachoniuma ni kwamba mama mwenye mtoto wa selimundu, aliyemzoea daktari bingwa wake, aliyeshajua apige namba gani usiku mtoto akizidiwa, akiuliza kwa nini anahamishwa hakuna jibu la maana la kumpa. Hawezi kuambiwa bima yake ilichelewesha vibali, wala kwamba ile mpya inahudumia watoto vizuri zaidi. Jibu ni alama, kampuni hii ilipata alama nyingi kuliko ile.

Na alama zenyewe zinatoka wapi? Jimbo linatoa nyaraka ya maswali, makampuni yanajibu kwa maandishi kurasa kwa mamia, makubwa yana watu wanaolipwa kazi yao ni kuandika majibu ya tenda tu, kisha kamati ya watumishi inasoma na kutoa alama. Mtu anaulizwa utahakikishaje mtoto anapata daktari kwa wakati, anaandika ahadi nzuri sana anapewa alama, wakati jimbo hilohilo lina taarifa za miaka yote za jinsi kampuni hiyo ilivyofanya kazi! Taarifa zipo, malalamiko yapo, madai yaliyokataliwa yapo, ila uzito wake kwenye maksi unakuwa mdogo kuliko insha.

Mwaka 2023 wakaguzi wa wizara ya afya ya Marekani walitoa ripoti kuhusu vibali, wakakuta makampuni waliyoyaangalia yalikataa ombi moja kati ya kila nane mwaka 2019, na baadhi yalikataa zaidi ya robo ya maombi. Hebu fikiria tofauti hiyo kwa mtu anayesubiri kipimo. Kwangu mimi namba hiyo moja inaniambia mengi kuliko kurasa elfu za ahadi, na ingetakiwa iwe ukurasa wa kwanza mezani kwa wanaotoa alama.

Kushinda tenda pia sio kukaa. Iowa ilikabidhi karibu Medicaid yake yote kwa makampuni matatu Aprili 2016, mwaka uliofuata AmeriHealth Caritas ikaondoka, 2019 UnitedHealthcare nayo ikatoka ikiwa na wanachama zaidi ya laki nne, watu wakawa wanahamishwa huku na huku. Louisiana iligawa tenda 2019, walioshindwa wakalalamika, Januari 2020 mkuu wa manunuzi wa jimbo akafuta matokeo, kazi ikaanza upya. California 2022 nayo ikaishia kuacha matokeo ya tenda na kukaa mezani na makampuni kupatana. Yaani huwezi kusema ni bahati mbaya ya jimbo moja, huu mtindo wa kushindanisha makaratasi unazaa kesi kwa sababu tofauti za alama ni ndogo na hela ni nyingi mno, kampuni ikikosa inaona heri ilipe mawakili.

Mfano ninaoupenda wa jimbo lililojirekebisha ni Ohio. 2018 mkaguzi wa jimbo aligundua madalali wa dawa, wale wanaokaa kati ya bima na famasi, walibaki na dola milioni 224.8 ndani ya mwaka mmoja, tofauti kati ya walichoitoza bima na walichoilipa famasi. Famasi ndogo zilikuwa zinalia muda mrefu. 2021 mwanasheria mkuu wa jimbo akaishtaki Centene kuhusu mambo hayohayo ya dawa, ikalipa dola milioni 88.3 bila kukiri kosa. Ila Ohio haikuishia kwenye faini, iliondoa kazi ya dawa mikononi mwa kila bima ikaweka msimamizi mmoja anayewajibika moja kwa moja kwa jimbo, akaanza Oktoba 2022. Connecticut ilienda mbali zaidi, 2012 iliachana kabisa na makampuni ya kubeba hatari, yaani yale yanayopewa kiasi cha kila mwezi na kubaki na faida au hasara, jimbo linalipa lenyewe na kampuni inalipwa ada ya uendeshaji tu. Kwa hiyo msituambie haiwezekani.

Ningependa angalau nusu ya alama ziende kwenye rekodi: vibali vilivyokataliwa na vingapi vilirudishwa baada ya rufaa, madaktari waliomo kwenye orodha wanapokea kweli wagonjwa wapya au ni majina tu, hospitali zinalipwa baada ya siku ngapi. Rekodi ya kampuni nzima, majimbo yote, ili inayoingia Texas kwa mara ya kwanza isijifiche kwamba ni mgeni, na kampuni changa kabisa ianze na eneo dogo. Alama na sababu zake zitangazwe kabla mkataba haujasainiwa, na kwenye kamati wawepo wazazi wenye watoto kwenye mpango, wenye haki ya kutoa alama.

Halafu lugha iwemo kwenye rekodi hiyo. Sheria inazitaka bima hizi zitoe mkalimani bure, na kila kampuni inaandika kwenye tenda kwamba inaye wa Kiswahili. Jimbo lisisome tu hiyo sentensi, lipige simu saa mbili usiku kama mzazi, liombe Kiswahili, lihesabu dakika mpaka mtu apokee, na lirudie kila mwezi mkataba unapoendelea.