Ukienda Iringa kumfuata Mkwawa, usianzie makumbusho

Wageni wengi wakifika Iringa huelekezwa Kalenga: waone fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, wapige picha, warudi mjini kula. Mimi nakushauri uanzie Lugalo, ingawa pale hakuna cha kutazama zaidi ya mnara kando ya barabara kuu ya Morogoro.

Agosti 17, 1891, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilipita huko kikiwa msururu mrefu, Wahehe wamejificha wakikisubiri. Zelewski aliuawa, na sehemu kubwa ya kikosi chake ikaishia hapohapo. Tulifundishwa hayo shuleni, tukakariri mwaka kwa ajili ya mtihani, basi. Ardhi hatukufundishwa. Ukishuka garini, upe mnara mgongo, tazama vichaka na mawe. Mtu aliye mbele ya msururu angemwona wa mwisho? Bunduki ingemfaa nini askari anayevamiwa kwa mkuki kabla hajailenga? (Ukiwaza hayo, kaa mbali na lami. Malori ya pale hayana utani.)

Kisha nenda Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, njia ya Hifadhi ya Ruaha. Salimia kwa Kihehe, "kamwene", uone nyuso zinavyobadilika. Makumbusho ni madogo, mwenye haraka huyamaliza upesi na kulalamika. Mwombe mwongozaji akutoe nje akuonyeshe ilikokuwa ngome iliyotekwa Oktoba 1894, maana kuta zilizobaki ni masalia tu, na peke yako utayapita ukidhani ni kichuguu.

Fuvu nalo, lililochukuliwa na Wajerumani, lina safari yake. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Waingereza, lakini lilirudi 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulichagua miongoni mwa mafuvu yaliyohifadhiwa Bremen, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Ndiyo maana wapo wanaotilia shaka kama ni lenyewe. Swali hilo uliza, hakuna ubaya, ila sikiliza kwanza masimulizi hadi mwisho. Unayemuuliza huenda anamzungumzia babu yake. Na kamera isitoke mfukoni kabla hujaomba ruhusa.

Mlambalasi ni mbali zaidi, na wengi huiacha. Mimi ndiko nikupendako. Hapo ndipo Mkwawa alipojipiga risasi Julai 19, 1898, asikamatwe akiwa hai, na hapo ndipo alipozikwa bila kichwa. Ukitoka kulitazama fuvu Kalenga siku hiyohiyo, kaburi hilo halitakuwa kaburi tu kwako. Usitegemee daladala. Kodi gari ya kwenda na kurudi, mkubaliane bei pamoja na muda wa kusubiri, na beba maji. Dereva akikwambia nusu saa inatosha, mkatalie.