Taa za tanki pana la matumbawe: pima upana kabla ya kuhesabu wati

Anayenipigia simu kuhusu taa za tanki la matumbawe huanza na wati. "Yaya, wati ngapi zitatosha?" Mimi humrudishia swali: kutoka kioo cha mbele mpaka cha nyuma kuna sentimita ngapi? Wengi hawajui. Urefu wanaujua kwa sababu walipimia ukuta wa sebule, na lita wanazijua kwa sababu ya hesabu ya chumvi. Upana haukumbukwi, na kwenye taa upana ndio wenye neno.

Ninatunza matanki ya watu hapa Lubumbashi, ya nyumbani kule Golf na ya mapokezi ya ofisi za mjini. Mengi ni ya samaki wa Tanganyika, na hao hawana makuu, taa yoyote ya heshima inawafaa. Ya matumbawe ni machache, kwa sababu kila kitu chake lazima kisafiri. Pwani ya nchi yetu haizidi sana kilomita 40, pale Muanda, na mto Kongo unamwaga maji yake na tope lake papo hapo, kwa hiyo hakuna mwamba wa matumbawe wa kwenda kuutazama ukajifunza. Na taa isiyofaa huwezi kuirudisha dukani kesho asubuhi. Imeshapita mpaka wa Kasumbalesa, ushuru umeshalipwa.

Tumbawe ni mnyama, ila ndani ya nyama yake mnakaa mwani mdogo sana unaoitwa zooksanthela. Mwani huo hutengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Mwanga ukipungua, tumbawe hubadilika rangi likawa kahawia, na mengine hujinyoosha kuutafuta. Ukizidi ghafla, mwani hufukuzwa na tumbawe hubaki jeupe. Weupe huo huua haraka kuliko ule ukahawia, kwa hiyo nikipewa mteja mwenye taa kali na mwenye taa dhaifu, huanza kwa mwenye taa kali.

Kipimo kinachotumika si wati, wala si ukali unaouona kwa macho. Kinaitwa PAR, yaani kiasi cha mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700 unaofika mahali fulani, ukihesabiwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Matumbawe laini na yale ya umbo la uyoga huridhika na 50 hadi 100. Matumbawe magumu yenye minofu mikubwa, kama Euphyllia, hupenda kama 80 hadi 150. Acropora, tumbawe gumu la matawi, inataka 200 hadi 350. Programu za simu zinazopima mwanga zisikudanganye: hupima luksi, na luksi imetengenezwa kwa jicho la binadamu linaloona kijani vizuri kuliko bluu, wakati taa za matumbawe zimejaa bluu. Tafuta kipimo halisi cha PAR, hata kwa kuazima kwa siku moja.

Sasa huo upana. Chukua tanki la urefu wa sentimita 180, upana 90 na kina 60. Likijaa kabla hujatia mawe, ni lita 972. Taa nyingi za LED za kichwa kimoja hufunika vizuri eneo la takriban sentimita 60 kwa 60. Muuzaji atakwambia ununue tatu, kwa kuwa 60 mara tatu ni 180, na kwa urefu hakudanganyi. Lakini ukizipanga mstari mmoja katikati, sentimita 15 za mbele na 15 za nyuma zinabaki na mwanga wa kubahatisha. Hizo 15 za mbele ndizo zilizo usoni mwa mgeni anayeingia.

Tena kuna kivuli, ambacho kwenye makaratasi ya kiwandani hakitajwi. Katika tanki pana mawe hupangwa kama kilima katikati, na matumbawe hushikiliwa kwenye miteremko. Taa zikiwa juu ya kilele tu, lile tawi la Acropora lililoelekea kioo cha mbele hupata mwanga mgongoni, na uso wake unaotazamwa na watu uko gizani. Baada ya miezi matawi ya chini hupoteza nyama na kubaki mifupa. Mwenye tanki huongeza nguvu ya taa, sehemu ya juu inaungua, ya chini haibadiliki. Nimeitwa kwenye tanki la namna hiyo, maji yakapimwa, kalsiamu na alkali vikaonekana sawa kabisa. Dawa ilikuwa kupunguza nguvu ya zile taa za katikati na kuongeza mwanga kutoka upande.

Kwa hiyo kwa tanki la upana wa 90 nashauri mistari miwili. Taa sita, tatu mbele na tatu nyuma, kila moja ikijibu eneo la 60 kwa 45. Ndiyo, ni ghali kuzinunua. Lakini hutaziwasha kwa nguvu zote; nusu au pungufu itatosha, na LED isiyosukumwa hupata joto kidogo na hudumu. Mwanga ukija kutoka mahali pengi, vivuli vinafutana. Ningechukua taa sita za wastani kabla ya tatu za kifahari, na hapo sibishani na mtu.

Neoni za T5, ile mirija myembamba ya fluoresenti, nikisema ukweli, ndizo zenye mwanga mzuri zaidi kwa tanki pana. Mrija mzima unatoa mwanga, kivuli ni chepesi, tawi linaoga pande zote. Mrija wa wati 80 una urefu wa karibu sentimita 145, unakaa vizuri juu ya tanki la 180. Shida ni kwamba hufifia na kubadilika rangi polepole, jicho lisitambue, na baada ya miezi 9 hadi 12 inabidi ubadilishe. Hapa kwetu hiyo maana yake ni kuagiza mirija ya vioo kutoka mbali kila mwaka na kuomba isifike vipande. Mwenye ndugu anayesafiri mara kwa mara anaweza kufanya mchanganyiko: LED mstari wa katikati, mirija miwili ya T5 mbele na miwili nyuma. Asiye naye abaki na LED.

Ampuli za metali-halaidi sizitaki tena Lubumbashi. Ya wati 250 nayo hufunika kama 60 kwa 60, kwa hiyo tanki letu la mfano lingehitaji sita: wati 1500 zinazochemsha maji mwezi wa kumi, wakati nyumba yenyewe inatokota na wewe unahangaika maji yasipite nyuzi 27. Halafu kuna kuran, yaani umeme. Jioni nguvu ya umeme ikishuka chini sana ya volti 220, ampuli yenye balasti (kifaa cha kuiendeshea umeme) ya kizamani huzimika, na haiwaki tena mpaka ipoe, dakika kumi au zaidi. LED yenye adapta iliyoandikwa 100–240V haijui hata kwamba kuran imeshuka. Soma maandishi hayo kwenye adapta kabla ya kulipa. Kinachoua adapta ni ile kuran inayorudi kwa kishindo baada ya delestaje, yaani mgao wa umeme, kwa hiyo weka stabilaiza inayochelewa kidogo kabla ya kuruhusu umeme upite.

Rangi nitaisema kwa ufupi. Bluu ya kati ya nanomita 420 na 460 inawatosha mwani, na chini yake matumbawe hung'aa kweli. Ukiiacha peke yake mchana kutwa, sebule inageuka nganda, yaani baa. Ongeza nyeupe mpaka samaki waonekane na rangi zao.

Wakati wa kufunga, angalia ile mikanda ya vioo inayokatiza juu ya tanki. Tanki pana huwa nayo, na taa ikikaa juu ya mkanda, chumvi inayokauka pale hula mwanga wako. Ning'iniza taa kwenye nafasi iliyo kati ya mikanda, sentimita 20 hadi 30 juu ya maji. Lenzi ikiwa ya nyuzi 120, 20 inatosha. Ikiwa nyembamba, panda juu zaidi. Dari ya mbao nyembamba haishiki uzito huo, tafuta boriti. Nyaya zilegee chini ya soketi ili tone la maji lisiifuate njia mpaka kwenye umeme, na disjonkta iwe ya diferansieli ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno.

Kisha pima. Gawanya tanki kwa miraba ya sentimita 20, shusha kipimo mchangani, katikati na kileleni, andika kila namba kwenye karatasi. Pembe zitakuwa dhaifu, waweke hapo wale laini. Anza na theluthi ya nguvu uliyokusudia, uongeze kidogo kila wiki, hata kama mama mwenye nyumba analalamika kwamba tanki limefifia. Saa nane hadi kumi kwa siku zinatosha.

Mwenye sola apange saa zake kwa jua. Nyeupe iwake kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa, paneli zikiwa zinatoa. Jioni wageni wakija ibaki bluu kidogo. Wati 300 kwa saa nne ni 1200 kwa hesabu ya wati-saa, na betri ya asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 200 haipendi kutolewa zaidi ya hizo. Ukiimaliza kwa taa, usiku utakukuta huna cha kuzungushia maji. Delestaje ikipiga, zima taa kwanza. Matumbawe huvumilia siku moja au mbili za giza, lakini maji yakisimama oksijeni inaisha, na samaki hawafiki asubuhi. Mimi pampu naziunganisha kwenye betri yake, mbali kabisa na ya taa, na waya wake naufunga utepe mwekundu ili mtu wa nyumbani asiuchomoe akichaji simu.