Wamekariri mazungumzo yote ya safari, mgeni akijibu wanakwama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kihispania cha kuzungumza kwa vijana wa hapa Mikindani wanaotaka kuongoza watalii. Wamekariri mazungumzo ya uwanja wa ndege, hoteli na mgahawa. Juzi wamekuja wageni wawili kutoka Hispania. Baada ya salamu hakuna aliyefungua tena kinywa. Niwaongezee mazungumzo gani?
Mwalimu wa kujitolea, Mikindani

JIBU: Marahaba. Usiongeze hata moja. Punguza.

Matamshi hayawasumbui sana, maana irabu za Kihispania ni tano zilezile za kwetu. Kinachowaua ni kukariri. Kijana aliyekariri “¿A qué hora sale el autobús?” (basi linaondoka saa ngapi?) amejiandaa kuuliza tu. Akijibiwa “A las seis y cuarto, pero hoy viene con retraso” (saa kumi na mbili na robo, lakini leo limechelewa), anatafuta mstari unaofuata kwenye daftari na haupo. Mgeni hajalisoma daftari lako, Mwalimu!

Halafu vijana wako wanafanya nini uwanja wa ndege wa Madrid? Wao ndio wenyeji. Wataulizwa basi la Kilwa linaondoka saa ngapi, nauli kiasi gani, samaki huyu kakaangwa au kachomwa. Hapo kwenye saa pana balaa: basi la saa kumi na mbili asubuhi ni “a las seis”, yaani sita kwa hesabu yao. Kijana akitafsiri moja kwa moja akasema “a las doce”, yaani kumi na mbili, mgeni atafika stendi saa sita mchana na mabegi yake. Kwenye nauli, “sesenta” ni sitini na “setenta” ni sabini. Wazoeze mpaka sikio litenganishe.

Shika tukio moja, stendi, wiki nzima. Mmoja awe mgeni, mwingine mkata tiketi. Mkata tiketi mpe karatasi ya siri: siti zimejaa, basi limeharibika Nangurukuru, chenji hakuna. Mgeni asijue kitu. Kabla ya yote hayo, wote waweze kusema “Más despacio, por favor” (polepole zaidi, tafadhali) bila kuona haya. Watababaika, waache wababaike.

Nayasema haya kwa ukali kwa sababu kila wiki naletewa rekodi za “Kihispania kwa siku 14” zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp, eti na cheti juu. Cheti cha nani? DELE, cheti rasmi cha Kihispania kinachotolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha hiyo, kina mtihani wenye sehemu ya kuzungumza na mtahini, na mtahini hafuati daftari la mtu. Hawa wa rekodi wanauza orodha ya sentensi, wanachukua hela za watoto wa watu, kisha kijana akikwama anaambiwa hana kipaji cha lugha.

Kwa hiyo yeyote anayetaka kulipia, kwanza ampigie simu huyo muuzaji, amtafutie mtu anayekijua Kihispania, wawili hao wapatane bei ya chumba kwa Kihispania dakika tano. Muuzaji akianza kutuma rekodi nyingine badala ya kujibu, hela hiyo inunue manila na kalamu za kuandikia zile karatasi za siri.