Nimeweka bangili rehani kwa ajili ya tokeni za nyumba ya ukweni

*Shikamoo Somo. Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu, nyumbani kwa wakwe zangu. Juu yuko shemeji na mkewe. Chini ni sisi, mama mkwe, na wifi yangu aliyeachika na wanawe wawili. Mita ya stima ni moja na mnunuzi wa tokeni ni mimi. Zamani elfu mbili zilitutosha mwezi mzima. Tangu kabla ya Ramadhani, wifi aliponunua friza ya kuuzia barafu za ukwaju, sasa ni miezi minne, elfu nne na mia tano ndizo zinazotufikisha mwisho wa mwezi. Mume wangu ni nahodha wa mashua za watalii, na huu ni msimu wa kusi, kazi hakuna. Aniachia elfu mbili ile ile na kusema sijui kubana matumizi. Nimekopa kwa simu mara tatu. Mwezi jana nimeweka bangili zangu mbili za mahari rehani kwa sonara, naye hajui.*

*Somo, kuna jingine linalonila moyo. Watu wakilala nilikuwa nikiizima friza, naiwasha alfajiri. Siku moja nikapitiwa na usingizi. Barafu zikayeyuka zote, na samaki wa mama mkwe wakaharibika. Wifi akalia. Wakasema stima ilikatika, nami nikanyamaza. Sina raha tena. Nimwambie mume wangu tuhame tukapange?*

*Mwenye Bangili, Lamu*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na zile jumbe mbili za tokeni ulizoniletea nimezinakili kwenye karatasi, mmoja chini ya mwingine. Wa kabla ya Ramadhani: shilingi 1,000, uniti 39. Wa wiki iliyopita: shilingi 1,000, uniti 34. Ziangalie vizuri. Nyumba yenu inakula stima zaidi, hilo kweli, lakini pia kila uniti imepanda bei, kutoka kama shilingi 25 na nusu hadi 29 na ushei. Umeambiwa hujui kubana, na jibu la lawama hiyo limelala ndani ya simu yako miezi yote hii.

Nikueleze ilivyokuwa. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani Kenya wamewekwa madaraja matatu: anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi, anayezidi 30 hadi 100, na anayepita 100. Kabla ya hapo daraja la chini lilifika uniti 100, ndiyo maana mwaka ule vilio vilikuwa vingi. Kila daraja lina bei yake, na anayepita 100 ndiye anayeuziwa ghali kuliko wote. Daraja lenyewe halibadiliki kwa siku moja, huangaliwa wastani wa miezi mitatu. Juu ya bei hiyo kuna gharama ya mafuta ya mitambo inayozalisha umeme, tofauti ya shilingi na dola, VAT ya asilimia 16, asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini, na vitozo vingine vidogo. Hizo mbili za mwanzo hupanda na kushuka kila mwezi, na hapo wewe huna mkono. Kwenye daraja unao.

Elfu mbili zako za zamani zilikuwa uniti 78. Elfu nne na nusu za sasa ni uniti 153. Mmevuka mia. Mita haioni kwamba ndani ya nyumba hiyo mna meko matatu na watoto wa matumbo matatu, yenyewe inaona mteja mmoja anayetumia stima nyingi na kumtoza bei ya mwenye nyingi. Na friza haikuleta gharama yake peke yake. Imewavusha daraja, kwa hiyo hata taa ya chooni na pasi ya kanzu za Ijumaa sasa mnazilipia bei ya juu.

Mbona naishika friza na si kitu kingine? Kwa sababu wewe mwenyewe umesema ni kusi. Usiku huu Lamu watu wanajifunika shuka, feni zimepumzika. Stima ikipanda wakati feni zimelala, kuna kitu kipya kinachokula.

Lakini usiende mbele ya watu na dhana, nenda na hesabu. Mtafute wifi yako mpime pamoja, yeye akiwa amesimama pale pale. Mkisha kuswali Isha, chomoeni kila kitu isipokuwa friza: birika, runinga, chaja, pampu ya maji. Zimeni taa na juu pia. Someni uniti zilizobaki kwenye mita, muandike na saa. Alfajiri, kabla hamjawasha taa, someni tena. Zilizopungua ndizo zilizoliwa na friza kwa saa hizo, na kutoka hapo mtajua za siku nzima. Mchana hula zaidi kidogo kwa sababu mlango unafunguliwa. Friza ya biashara, inayotiwa maji mapya kila siku, sitashangaa ikifika uniti 2 kwa siku. Hizo ni 60 kwa mwezi, na kwa bei mnayouziwa sasa ni kama shilingi 1,760.

Kabla hamjaondoka hapo, chomoeni na hiyo friza kwa dakika tano, kisha tazameni kitaa chekundu cha mita. Stima ikitumika huwa kinapepesa, haraka au polepole kulingana na matumizi. Hakuna kilichochomekwa, basi kinapaswa kitulie. Kikiendelea kupepesa, stima inavuja mahali, nanyi mnainunulia ukuta. Nyumba za pwani zina ugonjwa huo: chumvi na unyevu huingia kwenye soketi na viungo vya waya mpaka shaba inageuka kijani. Hapo msiguse kitu, mwiteni fundi mwenye leseni, kwa sababu waya unaovuja kwenye ukuta wenye unyevu huua mtoto. Pesa za tokeni zitafuata baadaye.

Na mpira wa mlango wa friza muukague. Bana kipande cha karatasi kwenye mlango, kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, baridi nayo inatoka hivyo hivyo usiku na mchana. Ukwaju upoe kabisa kabla ya kuingizwa, na friza isikae nusu tupu. Jazeni chupa za maji, zinasaidia kushika baridi.

Sasa lile linalokula moyo. Mwambie wifi yako, tena kabla hamjapima chochote. Ukienda na hesabu ya friza yake huku umeficha la barafu, siku litakapojulikana kila namba uliyoiandika itaitwa fitina, na hutakuwa na pa kusimama. Mfuate mkiwa wawili, watoto wametoka, umwambie hivi: "Wifi, siku ile barafu zako zilipoyeyuka, stima haikukatika. Ni mimi niliyeizima friza. Tokeni zilikuwa zimenishinda na niliogopa kusema. Nisamehe, na unambie zilikuwa ngapi nikulipe." Atakasirika, ana haki ya kukasirika. Mwache aseme. Yeye ni mwanamke aliyerudi kwao na watoto wawili, na friza hiyo ndiyo mumewe sasa. Mama mkwe naye mpelekee samaki, hata fungu dogo la tafi, umwombe radhi kwa mdomo wako. Halafu ujue kwamba kuizima usiku hakukukuokolea kitu cha maana. Friza iliyopoteza baridi usiku kucha huifidia asubuhi kwa kuvuta stima kwa nguvu.

Nakuja kwa mume wako. Huyu simlaumu sana, kwa sababu hajaambiwa. Ameacha elfu mbili, taa zimewaka, kwake yeye elfu mbili zimetosha. Pengo umeliziba wewe: elfu mbili na mia tano kwa miezi minne ni elfu kumi. Mtajie namba hiyo. Mwoneshe zile jumbe mbili, mwambie na la bangili na la mikopo, usimwachie nusu. Bangili za mahari ni mali yako wewe, na matumizi ya nyumba yako juu ya mume. Ukimsaidia kwa mali yako umefanya hisani, na hisani hufanywa kwa kujulikana, haifanywi kwa kuvizia kwa sonara. Nimewaona wanawake wengi wa mji huu wakivua dhahabu kimya kimya kuficha ufukara wa wanaume wao, na mwisho wakaambiwa wameiuza kwa tamaa. Sitaki uwe mmoja wao. Nenda kwa sonara wiki hii, umuulize tarehe ya mwisho ya kukomboa, na akuandikie.

Mkopo wa simu nao usiununulie tokeni tena. Tokeni huisha, deni likabaki likiongezeka, na kwa mikopo mingine shilingi ya kwanza inayoingia kwenye simu hukatwa kabla hujaigusa. Mlipe huo kwanza, bangili zifuate.

Kikao cha nyumba usikiite wewe. Wewe ni mke wa ukweni, ukiita kikao juu ya pesa itasemwa umekuja kuwagawanya. Aite mume wako, mtoto wa nyumba, amkalishe mama yake, ndugu yake na dada yake, na karatasi ya mita iwe katikati. Mimi ningegawa hivi: wifi alipe ya friza, hiyo 1,760. Inayobaki ni 2,740, wailipe wanaume wawili nusu kwa nusu, 1,370 kila mmoja, na mama asitoe kitu. Angalia, basi: elfu mbili za mume wako zinatosha na mia sita na thelathini zinabaki, za kwenda kwa sonara.

Wifi atasema hana. Msaidie kuhesabu badala ya kubishana. Ni shilingi 60 kwa siku, barafu sita za shilingi kumi. Aziweke kwenye kopo kila jioni kabla hajahesabu faida. Biashara isiyoweza kutoa barafu sita kwa siku ilikuwa ikitembea kwa bangili zako, na ni heri ajue mapema apandishe bei kidogo au abadilishe anachouza.

Nayasema haya kwa kuwa niliolewa nyumba ya watu wengi kama yako, zama za kandili. Ugomvi wetu ulikuwa mafuta ya taa. Kila mmoja alimshuku mwenzake, mpaka mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alipochukua mkaa akapiga mstari kwenye chupa, mbele yetu sote, kila jioni. Hakumtaja mtu. Siku ya nne tulikuwa tumeshajua taa ya nani inakesha, na mwenyewe akaleta chupa yake bila kuambiwa. Karatasi ya Isha na alfajiri ndiyo mstari wenu wa mkaa.

Wakikubaliana, ulizieni pia kuhusu mita ya pili. Ukiitenga friza na upande wa wifi, yeye atakuwa kwenye uniti 60 na ushei, nanyi wengine 90 hivi. Wote mtakuwa chini ya mia, na baada ya wastani wa miezi mitatu kusomeka mtarudi bei ya chini. Kwa bei ya ujumbe wako wa zamani, uniti zile zile 153 zingegharimu kama 3,920 badala ya 4,500. Ila kuna gharama ya kuunganishiwa, na waya za upande huo lazima zitengwe na fundi mwenye leseni atakayetoa cheti. Ombi linataka kitambulisho, namba ya mlipakodi ya KRA na ridhaa ya mwenye nyumba. Pateni bei kwanza ndipo mwamue. Ikiwa itakula akiba ya miaka mitatu, achaneni nayo.

Kuhama sikushauri, si sasa. Kusi haijaisha, kodi itataka pesa ambazo hamna, na nyumba nyingi za kupanga mita ni ya mwenye nyumba: ama mnachangia mita moja na wapangaji msiowajua, ama ana mita ndogo zake na bei ya uniti anaipanga yeye. Utakimbia mita ya mkwe uangukie ya mgeni. Mkija kuhama siku moja, muhame kwa sababu mnataka nyumba yenu.

Anza na wifi, leo au kesho, kabla hujapoteza ujasiri. Kisha mpime, na unitumie zile namba mbili, ya Isha na ya alfajiri. Nitakaa nawe tuzipige hesabu kabla mumeo hajaita kikao.

Somo