Mkuu weka hiyo vodka chini kwanza, barafu unatoa wapi?

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala nikataka kushuka. Yaani unaandika kabisa mkeo anatimiza miaka 30, uko Tabora, watu 25 wanakuja, unataka uwape espresso martini (ile kokteli ya vodka na kahawa) na martini nyingine mbili tatu, utachanganya kila kitu kwenye ndoo mapema ili usihangaike, halafu barafu "nitachukua kwenye friza la jirani". Umeuliza vodka gani, glasi gani, na dry martini inatikiswa au inakorogwa. Watu wamebishana glasi tangu asubuhi, hakuna hata mmoja aliyeuliza jirani anauza nini kwenye hilo friza!

Mimi niko Kigoma, mwisho wa reli huku. Mwaka juzi wife alipanda cheo nikasema leo kwangu hakuna kreti za bia, waje waone na huku kuna watu wa mjini. Nikanunua vodka chupa mbili, Kahlúa (pombe tamu ya kahawa) nikaagiza Dar ikaja na basi imeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mchanga, kahawa ni ya Manyovu nimeisaga mwenyewe, kibirika cha moka, kile cha kuchemshia kahawa nzito jikoni, nimeazima. Jumla imevuka laki na nusu na hapo sijahesabu nyama.

Sasa nina shemeji yangu mmoja, huyu aliwahi kukaa kaunta ya hoteli Dar miezi mitatu, miwili kati ya hiyo alikuwa anaosha glasi ila hilo nimekuja kulijua baadaye. Siku hiyo yeye ndiye profesa. Anakusimulia espresso martini ilibuniwa London miaka ya 1980 na jamaa anaitwa Dick Bradsell, mwanzoni iliitwa Vodka Espresso, eti kuna dada alimwomba kitu cha kumwamsha, anasimulia kama alikuwa amekaa meza ya pembeni. Historia yote anayo kichwani. Barafu hajui.

Friji langu lina trei mbili tu, wageni ishirini, tukaona barafu haitoshi. Akasema mbona mama mdogo mtaa wa pili ana friza kubwa? Ni kweli analo. Anauza migebuka na dagaa. Nikamuuliza shem haitanuka kweli? Akacheka yule kiumbe, akaniambia "barafu ni barafu tu shem, ni maji yameganda, we umeona wapi maji yana harufu". Na mimi nikakubali, mtu mzima na ndevu zangu.

Tukamimina kwenye ndoo ya lita 20 (ndoo mpya, hapo nisisingiziwe): vodka yote, Kahlúa yote, kahawa ya moto kutoka kwenye kibirika, sukari, halafu barafu za mama mdogo zile za mifuko zimepigwa nyundo. Saa kumi jioni hiyo, wageni ni saa moja. Shemeji anakoroga na mwiko wa ugali huku anapiga mluzi.

Wa kwanza kupewa ni bosi wa wife. Nikaweka na punje tatu za kahawa juu kama inavyotakiwa, zikaelea hovyo zikajibanza pembeni ya glasi, maana povu la kuzishika hakuna. Akanywa funda moja, akanyamaza, akainusa glasi, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Hii mmeweka na samaki?" Nikajitetea eti ndio ladha ya kahawa ya milimani 😂. Nacheka sasa hivi, siku ile sikucheka. Ofisini kwao hadi leo wife anaitwa Mama Mgebuka na mimi nikienda kumchukua jioni walinzi wanatabasamu tu. Tukajaribu kuokoa, tukatia maziwa ya kopo, tukatia vanila, aisee vanila ikikutana na mgebuka Mungu akuepushe. Ndoo nzima imemwagwa nyuma ya choo. Shemeji alienda "kununua vocha" akarudi saa nne usiku, na sahani ya pilau akadai.

Ukichanganya glasi moja moja, barafu mbaya inakuharibia glasi moja, unashtuka, unaacha. Ukiweka kwenye ndoo umezika chupa zote kwa mpigo. Na barafu inanuka kweli, usidanganywe. Ikikaa wazi ndani ya friza yenye samaki au nyama inakamata harufu, hata kifuko kile chepesi hakisaidii sana, halafu kwenye martini hiyo barafu haikai pembeni kama mgeni, inayeyuka ndani ya glasi na maji yake unayanywa. Kwa hiyo ukishika moja tu shika hili: chukua kipande kimoja, acha kiyeyuke kwenye glasi safi, kunywa hayo maji. Kama unaweza kumpa mama mkwe, endelea. Kama huwezi, hairisha hata birthday yenyewe.

Tengeneza ya kwako, maji ya kunywa, chombo chenye mfuniko, anza siku tatu kabla uwe unahamishia kwenye deli safi ndani ya friza iliyooshwa. Na iwe ngumu kavu, sio ile imeshaanza kutoa jasho, hiyo ukiitikisa unapata maji tu.

Kitu kingine, kahawa ya moto. Nilikuja kupima na mizani ya jikoni (ndio, nilikuwa na hasira kiasi hicho), kahawa ya moto inayeyusha barafu karibu uzito sawa na wake. Sasa piga hesabu ya lita nzima kwenye ndoo. Nilichopata kilikuwa maji ya kuoshea sufuria. Siku hizi vodka, kahawa iliyopoa, pombe tamu ya kahawa na sukari nachanganya mapema kwenye chupa BILA barafu naweka kwenye friji, mgeni akija namimina kwenye sheka (kikopo cha mfuniko cha kutikisia), najaza barafu, natikisa kama nina ugomvi nayo sekunde kumi na tano hivi, nachuja na chujio la chai. Povu linakuja, sio kama la espresso iliyotoka sasa hivi ila linakuja. Kwa glasi moja mimi naweka mili 50 za vodka, 30 za kahawa nzito, 20 za Kahlúa. Sukari kidogo, na wewe uko Tabora asali iko mlangoni, ilainishe na maji ya moto nusu kwa nusu weka mili 10, ni tamu balaa.

Kahawa ya kijiweni usitumie, ni kali nzuri ila machicha yake utayatafuna.

Vodka yoyote ya asilimia 40 sawa, itupe friza haigandi. Hiyo dry martini ndio usiiguse kabisa kama barafu yako ina wasiwasi, mle ni gin, vermuth (mvinyo wenye viungo) na maji ya barafu basi, hakuna kahawa wala sukari ya kukufichia aibu. Martini ya pasheni angalau pasheni ina harufu yake, inaweza kukusitiri kidogo, ingawa mgebuka haisitiri, tulijaribu.

Haya mkuu rudi ujibu, huyo jirani yako kwenye friza anaweka nini?