Fundi Anajibu: Breki za umeme za tela zinazopotea na kurudi

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninaishi Igombe, na kazi yangu ni kusafirisha boti za faiba kwa tela la ekseli mbili kwenda Sengerema na Geita. Tela lina breki za umeme kwenye magurudumu yote manne, na pikapu yangu imefungwa kidhibiti cha breki hizo chini ya deshibodi. Tangu mwezi uliopita, taa ya kijani inayoonyesha kwamba tela limeunganishwa huzimika ghafla kisha huwaka tena yenyewe, hasa ninapovuka matuta ya Buhongwa na Usagara. Kidhibiti chenyewe hakizimiki. Taa za nyuma za tela zinawaka vizuri, na gari likiwa limesimama breki zinashika. Fundi mmoja ameniambia ninunue kidhibiti kipya, nacho ni ghali. Je, ameniambia sahihi? – Msomaji wa Igombe, Mwanza.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usinunue kidhibiti kwa sasa, kwa sababu maelezo yako mwenyewe yanaelekeza kidole mahali pengine. Kidhibiti hulitambua tela kwa kuhisi njia ya umeme inayokwenda hadi kwenye sumaku za breki na kurudi, na njia hiyo ikikatika hata kwa muda mfupi, kwake ni sawa na plagi kuchomolewa. Kama kingekuwa kinazimika chote, ningekuambia uangalie upande wa gari: terminali ya betri iliyolegea, fyuzi, au kile kikata-umeme kinachojirejesha chenyewe, ambacho hukata kikipata joto, kikapoa, kikarudisha umeme bila mtu kukigusa. Lakini kwako kidhibiti kinabaki kinawaka na tela pekee ndilo linalopotea, na linapotea kwenye matuta. Kitu kinachotikisika ndicho kinachoachia, na vinavyotikisika viko kati ya soketi ya nyuma ya gari na magurudumu ya tela.

Kuhusu taa za nyuma, naomba usizitegemee kama ushahidi. Kwanza, unapovuka tuta uko kwenye usukani na huwezi kuona kama nazo zimepepesa. Pili, taa hutumia umeme kidogo sana ukilinganisha na breki. Ndani ya kila ngoma ya breki mna sumaku ya umeme ambayo, ikipata umeme, hujishikiza kwenye uso wa ngoma inayozunguka, ikavutwa nayo, na mkono wake ukazisukuma brekishuu zitanuke. Sumaku moja hutumia takriban ampea 3, kwa hiyo nne zinahitaji kama 12. Tuseme kila sumaku ina ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 4. Zikiungwa zote nne sambamba, ukinzani wa jumla ni omu 1. Sasa weka kiungo kimoja kichafu chenye nusu omu katikati ya njia: umeme unashuka kutoka ampea 12 hadi 8, na sumaku zinapata volti 8 badala ya 12. Taa ya LED ikipitia peke yake kwenye kiungo kama hicho haitaonyesha tofauti, huku wewe umepoteza theluthi ya umeme wa breki nyuma ya boti nzito.

Ningeanza na waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Matela mengi niliyoyafungua hayakuwa na waya huo kabisa kwenye plagi, au ulikuwa umekatika bila mtu kujua, na umeme ulikuwa ukirudi kupitia kile kichwa cha chuma kinachobeba mkono wa tela. Hapo pana grisi na pana nafasi ya kucheza. Gari likiruka tuta, chuma kinaachana na chuma na breki zinapotea. Kipimo chake ni rahisi: chukua waya mnene wa muda, uufunge kutoka hasi ya betri ya pikapu hadi chasisi ya tela mahali palipopigwa msasa hadi chuma king'ae, kisha uende polepole ukavuke tuta bila boti juu ya tela. Taa ya kijani ikitulia, umempata mwizi.

Isipotulia, fungua plagi na soketi. Usiridhike kutazama pini kwa nje. Kuna tela la boti nililolikagua pale Kirumba ambalo plagi yake ilikuwa safi, skrubu zimekaza, na ganda la waya wa breki halina hata mkwaruzo. Nilipolipasua ganda kwa wembe, shaba ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani na mweusi, zimebaki nyuzi chache tu zinazogusana pale waya unapopinda. Maji yalikuwa yameingilia kwenye plagi yakapanda ndani ya ganda, kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Nilikata kipande baada ya kipande hadi nikakutana na shaba inayong'aa, na hapo ndipo nilipounga upya. Ukifika hatua hiyo, tumia viungo vya kubana kwa koleo vyenye ganda linalosinyaa kwa moto na kuziba maji. Sipendi kulehemu kwa risasi kwenye waya unaochezacheza, kwa kuwa risasi huufanya uwe mgumu na hukatikia pembeni mwa kiungo. Na waya uliosokotwa kwa mkono ukafungwa utepe mweusi usiuache kabisa kwenye tela linaloingia ziwani.

Mahali pa tatu ni ndani ya ekseli. Watengenezaji wengi hupitisha waya wa breki ndani ya bomba la ekseli ili ufike gurudumu la upande wa pili, nao husuguana na chuma humo kila siku. Ganda likiisha, waya hugusa bomba na kupiga shoti ya muda, ambayo vidhibiti vingi huionyesha kama umeme uliozidi. Ukiukuta umechubuka, usihangaike kuuvuta. Pitisha waya mpya nje, nyuma ya ekseli, uubane vizuri usining'inie.

Kupima kwenyewe kunataka watu wawili. Mmoja akae kwenye gari, injini ikiunguruma, aweke nguvu ya kidhibiti juu kabisa na kubana swichi ya mkono. Mwingine aweke mita ya umeme kwenye waya wa sumaku huku akitikisa kebo hatua kwa hatua, kuanzia plagi hadi gurudumu. Volti zikiruka, mkono wake uko juu ya tatizo. Ukitaka kupima ampea, pima ekseli moja moja, kwa maana mita nyingi za kawaida zina kikomo cha ampea 10 na magurudumu manne kwa pamoja yataichoma fyuzi yake. Kama huna mita, dira ya mvuvi ikisogezwa karibu na bamba la nyuma ya gurudumu itageuza mshale wake sumaku inapopata umeme. Isipogeuka, gurudumu hilo halishiki.

Hadi umelipata tatizo, nakusihi usivute boti. Pikapu yako peke yake haiwezi kuusimamisha uzito huo kwa wakati, na wanaovuka barabara pale Usagara hawajui kwamba tela lako halina breki.

SWALI: Je, nichomoe plagi kabla ya kurudisha tela majini? Na je, ninaweza kutumia ile pini ya dharura, ile inayowasha breki tela likichomoka kwenye gari, kama breki ya kuegeshea? – Msomaji huyohuyo.

JIBU: Ndiyo, ichomoe, uining'inize juu mdomo ukielekea chini, na usiirudishe hadi maji yamechuruzika. Ukiweza, subiri pia ngoma za breki zipoe kabla hazijaingia ziwani. Baada ya siku ya mchanga, fungua ngoma mara kwa mara uangalie uso wa sumaku, maana mchanga huusaga hadi koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya sumaku, ikaonekana.

Pini ya dharura ni kwa ajili ya tela lililochomoka kwenye gari tu. Ukiivuta na kuiacha, betri ndogo ya tela inakwisha na sumaku zinapata joto bure. Kuegesha tumia kabari za mbao chini ya matairi. Pini yenyewe ijaribu kila mwezi: chomoa plagi kwanza ili umeme usirudi kwenye kidhibiti, vuta pini, jaribu kulisogeza tela kidogo kwa gari uone magurudumu yamegoma, kisha uirudishe pini mara moja.